Kupima Shinikizo la Damu Nyumbani

Shinikizo la juu la damu mara nyingi halina dalili. Hujulikana kwa kupimwa. Mnunuzi wa Ruanda au Tunduma achague kipimo chenye mkanda wa juu ya kiwiko unaomwenea, aulize kama kimesajiliwa na TMDA, na adai risiti.

Kahawa ni zao la Mbozi, lakini usiinywe nusu saa kabla ya kupima. Keti kimya dakika 5, mkono ukiwa usawa wa moyo. Pima mara 2, uandike.

Wastani ukifikia 135/85 kwa siku kadhaa, nenda kituo cha afya. Ukifika 180/120 pamoja na maumivu ya kifua au ganzi ya upande mmoja, wahi hospitali mara moja.

Namba zikishuka, dawa inafanya kazi. Usiiache bila ushauri wa daktari.