Upepo ni bure, mbona stima yake ina bei?

Swali hili husikika sana barazani, na sisi wa Pwani linatuhusu. Mradi wa megawati 90 uliopangwa Baharini, kaunti ya Lamu, umezungumzwa miaka nenda miaka rudi, na fidia ya ardhi ikazua mvutano mkubwa.

Tuanze na upepo wenyewe. Kasi yake ikiongezeka mara mbili, nguvu haiwi mara mbili, huwa mara nane. Mahali penye mita 9 kwa sekunde pana nguvu zaidi ya mara tatu kuliko penye mita 6. Ndiyo maana wataalamu husimamisha mlingoti wa vipimo na kuuacha mwaka mzima au zaidi. Anayepima wakati wa kusi peke yake ataahidi makubwa. Tanga mbili zikiingia, mapanga yatalala. Nahodha yeyote wa jahazi angemwambia hivyo bila malipo.

Mtambo wa upepo haunywi mafuta. Gharama karibu yote hutoka mwanzoni: mitambo, misingi, barabara, laini ya umeme. Fedha nyingi huwa za mkopo, na riba ni sehemu ya bei. Jumla hiyo hugawanywa kwa uniti zitakazopatikana kwa miaka kama 20. Upepo ukiwa hafifu, uniti huwa chache, na kila moja huwa ghali.

Lakini upepo mkali pekee hautoshi. Kule Loiyangalani, Marsabit, kuna mitambo 365 yenye megawati 310, na upepo wa kupigiwa mfano. Mitambo ilikuwa tayari 2017, ila laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa ilikamilika 2018. Kuchelewa huko kuligharimu Kenya mabilioni ya shilingi, kwa stima ambayo haikumfikia mtu. Kisha 2021 mahakama ya Meru ikaamua kwamba hati za ardhi ya mradi hazikupatikana kihalali.

Lamu, laini kubwa kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen imeshafika. Kwa maoni yangu, kilichobaki kizito ni ardhi. Siku kampuni yoyote itakapoitisha mkutano, wazee waulize: mlingoti ulisimama miezi mingapi, wapi hasa, na mwenye shamba atalipwa mara moja au kila mwaka?