Sumu na Dawa Ndani ya Mpamba

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 na ambao makao yake makuu ni Bariadi, ni miongoni mwa mikoa mashuhuri kwa kilimo cha pamba nchini Tanzania. Mwanafunzi akiliinua jani la mpamba na kulitazama kwenye mwanga wa jua, ataona vidoa vyeusi vingi. Kila kidoa ni tezi, na ndani yake mmea huhifadhi gosipoli na kemikali nyingine za jamii hiyo. Punje ya mbegu nayo ina tezi kama hizo.

Je, kemikali hiyo hutengenezwaje? Sukari itokanayo na usanisinuru huvunjwa, kisha vimeng'enya huviunganisha vipande vyake hatua kwa hatua mpaka ipatikane molekuli yenye atomi 15 za kaboni. Hapo njia hugawanyika. Katika mpamba, kimeng'enya kimoja huikunja molekuli hiyo kuelekea gosipoli, ambayo ni sumu kwa wadudu. Katika pakanga ya asili ya China, kimeng'enya kingine huielekeza kwenye artemisinini, dawa ya malaria.

Gosipoli nayo iliwahi kujaribiwa kuwa dawa. Katika miaka ya 1970, maelfu ya wanaume nchini China waliimeza ili kuzuia uzazi. Ilifanya kazi, lakini baadhi yao walipungukiwa potasiamu mwilini, na wengine hawakurudiwa na uwezo wa kuzaa. Matumizi hayo yakaachwa.

Kwa sababu ya sumu hiyo, mashudu ya pamba humfaa ng'ombe, ambaye tumbo lake huipunguza makali, lakini huweza kudhuru kuku na nguruwe. Hivyo protini nyingi ya mbegu humpita binadamu.

Mwaka 2006, Keerti Rathore na wenzake huko Texas walizima jeni ya kimeng'enya hicho ndani ya mbegu tu. Majani yakabaki na kinga yake. Marekani iliruhusu mbegu hizo ziwe chakula cha watu mwaka 2019. Mwaka huohuo wa 2006, Jay Keasling na wenzake huko California walitangaza kuwa wametia jeni ya pakanga katika hamira, nayo ikatoa asidi ambayo wakemia huigeuza kuwa artemisinini.

Mbegu ya mpamba wa kawaida, hata hivyo, ingali na sumu yake. Isitafunwe wala kufanywa dawa.