Mikopo ya Serikali kwa Wenye Maduka Waliopatwa na Maafa

Maji ya mafuriko yaingiapo dukani hayaharibu bidhaa peke yake. Huharibu pia mtaji wa mwenye duka, mshahara wa karani wake, na riziki ya jamaa zao wote. Benki nayo husita kumkopesha mtu ambaye duka lake limejaa matope. Kwa sababu hiyo Serikali ya Marekani imeweka utaratibu wa kuwakopesha fedha wafanya biashara wadogo waliopatwa na maafa.

Utaratibu huo si mgeni. Mwaka 1933 tetemeko la ardhi lilipoubomoa mji wa Long Beach, California, shirika moja la Serikali lilipewa idhini ya kuwakopesha watu fedha za kujenga upya. Mwaka 1953 iliundwa idara maalum ya kuwasaidia wafanya biashara wadogo, nayo ikakabidhiwa kazi hiyo.

Mikopo hiyo ni ya namna mbili. Wa kwanza ni wa kutengeneza au kununua upya vitu vilivyoharibika, yaani jengo, mashine, vyombo na bidhaa. Wa pili ni wa kulipia gharama za kila siku, kama kodi na mishahara, wakati biashara imelala. Hata mtu ambaye duka lake halikuguswa na maji aweza kuuomba huu wa pili, ikiwa yumo katika eneo la maafa na biashara yake imepungua. Kwa kawaida mikopo yote miwili pamoja haizidi dola 2,000,000. Asiyeweza kupata fedha mahali pengine hatozwi riba ipitayo asilimia 4 kwa mwaka, na muda wa kulipa waweza kufika miaka 30.

Lakini yafaa ieleweke wazi kwamba fedha hizi si zawadi, bali ni deni. Mkopo ukiwa mkubwa, mwombaji hutakiwa kuweka rehani, na pengine rehani hiyo ni nyumba anayokaa na watoto wake. Asiye na rehani hanyimwi kwa sababu hiyo tu. Ila asiyeonyesha uwezo wa kulipa hunyimwa. Tena, hasara iliyokwisha lipwa na bima haikopeshewi fedha mara ya pili.

Jambo jingine ni kwamba hazina yenyewe yaweza kukauka. Mwezi wa Septemba 2024 tufani iitwayo Helene iliyaharibu majimbo ya kusini-mashariki, na mji wa Asheville, North Carolina, ukapata mafuriko makubwa. Katikati ya Oktoba fedha za mikopo ziliisha. Maombi yaliendelea kupokelewa, lakini mikopo mipya ilingoja mpaka Bunge lilipoidhinisha fedha nyingine mwezi wa Desemba. Katika muda huo wote mwenye duka hakuacha kudaiwa kodi.

Kwa hiyo mfanya biashara mwenye busara hujitayarisha kabla ya mvua. Huandika mapato na matumizi yake, hukata bima akiweza, huweka akiba kidogo, na nakala za hati zake huzihifadhi mahali pengine, mbali na duka. Siku ya maafa hizo ndizo zitakazomwonyesha afisa wa mikopo alikuwa na nini, amepoteza nini, na kama ataweza kulipa.