Ngome ya Ntsudjini Isiachwe Ibomoke

Katika kisiwa cha Ngazidja, juu ya kilima kinachoitazama Itsandra, upo mji mdogo wa Ntsudjini, ambao wazee wake waliuzungushia ukuta wa mawe meusi ya volkeno. Wakomori huuita ukuta wa namna hiyo ngome.

Si fahari iliyowafanya Wakomori wajenge ngome. Tangu mwisho wa karne ya 18 hadi mwanzo wa karne ya 19, wavamizi kutoka Bukini, yaani Madagaska, walivuka bahari kwa mitumbwi mikubwa, wakateka watu na kuwatia utumwani. Huko Ikoni, mwaka 1805, wanawake walijitupa kutoka jabalini, wakachagua mauti kuliko utumwa. Uvamizi huo ulifika hata Kua, katika Mafia, na mji ule ukabaki magofu. Basi habari ya ngome hizi ni yetu sote watu wa visiwa.

Leo adui hatoki baharini. Ni mvua, ni mizizi inayopenya katika chokaa, na ni mkono wa mtu achukuaye jiwe moja akidhani halitaonekana. Mwezi Aprili 2019, tufani ya Kenneth iliipiga Ngazidja na kutukumbusha nguvu za upepo.

Wako watakaosema kwamba Komori ilikwisha kuiweka miji ya masultani wake katika orodha ya awali ya UNESCO mwaka 2007. Ni kweli, lakini orodha haishikilii ukuta. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha.

Kwa hiyo tunawaomba wakuu wanaohusika, huko Komori na huku kwetu, wazipime kuta hizi na kuzichora, wapige marufuku uchukuaji wa mawe, na watenge fedha za mafundi wanaoijua chokaa. Kwani saruji huzuia unyevu kutoka, na ukuta wa kale ukaharibika kwa ndani. Wananchi nao wang'oe miche ingali michanga.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ukuta huu ukianguka, hata tukijenga mwingine, hautakuwa ule uliowakinga wazee.