Kubadili Mafuta ya Giaboksi ya Otomatiki Nyumbani

Motokaa nyingi zitokazo Japani hazina klachi ya mguu. Ukiisha kutia D, giaboksi hubadili gia yenyewe. Wakulima wengi wanazo, nao hubadili mafuta ya injini kwa wakati wake, bali yale ya giaboksi huyasahau mpaka siku gari linapokataa kupanda mlima na mikebe ya maziwa imo ndani. Giaboksi nyingine ni fedha za maziwa za miezi mingi. Mafuta yake ni lita chache tu.

Mafuta haya si ya kulainisha vyuma peke yake. Pampu huyasukuma, nayo hukaza klachi ndogo zilizo ndani, hupeleka nguvu za injini kwenye magurudumu, tena hupoza. Gari lipandalo njia za tope za Kinangop na mzigo wa viazi huyachemsha sana. Yakichoka, klachi huteleza na kuungua. Mafundi wengi hushauri yabadilishwe kila kilomita 40,000 hadi 60,000; kitabu cha gari kikisema mapema zaidi, fuata kitabu.

Kabla ya kununua mafuta, soma kijiti cha kupimia. Toyota nyingi za zamani kidogo kimeandikwa T-IV. Usidanganywe na mwenye duka asemaye kwamba mafuta mekundu yote ni mamoja. Giaboksi ya namna ya CVT ina mafuta yake mbali, na ukiitia mengine utaiua. Kama gari lako halina kijiti cha giaboksi, usilifungue. Kupima kwake kunataka vyombo vya fundi.

Endesha gari kama dakika kumi mafuta yapate moto kidogo, kisha lisimamishe mahali sawa na uzime injini. Zuia magurudumu kwa mawe, inua kwa jeki, na uweke magogo imara chini ya gari. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Sasa angalia sana. Chini kuna nati mbili za kumwagia mafuta, moja ya injini na moja ya giaboksi, na watu wengi hufungua isiyo yenyewe. Humwaga mafuta ya giaboksi, kisha huongeza mengine katika injini ambayo imejaa tayari. Gari huenda mwendo mfupi, na giaboksi kavu ikafa. Mafuta ya injini ni meusi au ya kahawia. Ya giaboksi huwa mekundu, au mekundu yaliyofifia. Ukiona rangi isiyo yake, funga upesi.

Yaliyotoka yatie katika chupa za lita moja na uhesabu. (Mkebe wa maziwa usiutumie kamwe.) Yakiwa meusi na yananuka kuungua, au yana vipande vya chuma, mwone fundi. Yakiwa kama maziwa yenye rangi ya waridi, maji yameingia. Usiliendeshe tena mpaka litengenezwe.

Safisha nati, tia wosha mpya, kaza bila kutumia nguvu za kuvunja, na ushushe gari. Kwa faneli safi mimina katika tundu la kijiti kiasi kile kile kilichotoka. Washa injini, kanyaga breki, pitisha gia pole pole P, R, N, D, kisha urudi P. Toyota hupimwa injini ikinguruma, lakini Honda hupimwa mara baada ya kuizima, basi soma kitabu. Mafuta yakiwa moto, yafike alama ya HOT. Usizidishe, maana yakizidi hufanya povu, na povu halisukumi kitu.

Kwa nati hii hutoka chini ya nusu tu. Mengine hubaki ndani. Kwa hiyo liendeshe siku chache, urudie mara mbili au tatu. Gari ambalo limekwisha kuanza kuteleza huenda lisipone kwa mafuta mapya, na hapo fundi aliangalie kwanza kabla hujatumia fedha.

Mafuta machafu usiyamwage mtaroni wala karibu na kisima, wala usimpake ng'ombe kwa ajili ya kupe. Yatie katika debe lenye kifuniko na umpelekee mwenye gereji akusanyaye mafuta machafu.