Siti binti Saad na Mila za Watu

Katika methali ambazo wazee wa pwani huzitumia kumrejesha kijana kundini, hapana iliyo kali kuliko ile isemayo kwamba mwacha mila ni mtumwa; na ukali wake hautoki katika hekima peke yake, bali hutoka pia katika kumbukumbu ya zama ambazo utumwa ulikuwa hali ya watu hasa, waliotambulikana kwa nguo walizovaa na kwa vichwa walivyokatazwa kuvifunika. Lakini methali hiyo imeacha jambo moja bila jawabu: mtu aliyezaliwa na wazazi wa asili ya utumwa, ambaye mila zote zenye heshima zilizomzunguka ni mila za mabwana, ashike mila ya nani ndipo asiwe mtumwa? Swali hilo lilipata kujibiwa Unguja, na aliyelijibu alikuwa mwanamke muuza vyungu, ambaye jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa Mtumwa.

Alizaliwa mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, baba yake Mnyamwezi na mama yake Mzigua. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limekwisha kufungwa tangu 1873, lakini hali yenyewe ya utumwa haikuondolewa katika sheria mpaka 1897, na masuria wakangoja mpaka 1909. Kwa hiyo alikulia katika nchi ambayo biashara ya watu ilikuwa haramu, ilhali watu wenyewe wangali milki ya wengine. Mama yake alikuwa mfinyanzi, naye binti alijitwika vyungu kutoka Fumba mpaka mjini, akivinadi njiani kwa sauti iliyowafikia wanunuzi kabla hawajamwona. Shule hakuiona. Aliolewa, akazaa, akaachwa, na mwaka 1911 alifunga safari ya kwenda kukaa mjini, akiwa mwanamke asiye na mume, nasaba wala mali.

Yafaa msomaji ajue mji huo ulikuwaje kwa watu wa namna yake. Nguo ya mtumwa mwanamke ilikuwa kaniki, kitambaa cheusi kisicho na nakshi, kilichofungwa chini ya makwapa. Kofia na kanzu zilikuwa za waungwana, na buibui lilikuwa stara ya mabibi wa daraja la juu. Minyororo ilipokatika, waliokuwa watumwa walimiminika Ng'ambo, upande wa pili wa hori iliyoutenga Mji Mkongwe, na jambo la awali walilolifanya wengi wao lilikuwa kununua nguo: wanawake wakajitanda kanga za rangi na maua, kisha wakavaa buibui, na wanaume wakavaa kofia. Walikuwapo walioyacheka mambo hayo wakisema ni kuiga. Mimi sioni hivyo. Mtu aliyenyimwa stara maisha yake yote, siku aivaapo kwa hiari yake, haigi mtu. Anachukua haki yake iliyokuwa imezuiliwa. Kuwa nafsi yako si lazima kuwe ni kuvua kila walichokivaa wenzako, ijapokuwa siku hizi wako wengi wanaolihubiri jambo hilo.

Taarabu nayo ilikuwa kama hilo buibui. Ilikuja Unguja kwa mapenzi ya Sultani Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, akataka baraza lake listareheshwe kwa muziki wa Misri. Na hata chama cha Nadi Ikhwan Safaa kilipoundwa mwaka 1905, lugha ya uimbaji ilikuwa Kiarabu na wenye kukaa na vyombo walikuwa wanaume. Mwanamke wa heshima hakuimba mbele ya wanaume wasio maharimu wake, na mwanamke wa shamba hakutazamiwa kabisa kuwapo katika majilisi hayo. Ndipo mpiga ala mmoja aliyeitwa Ali Muhsin alipoisikia sauti ya binti Saad, akamfundisha uimbaji na matamshi ya Kiarabu. Naye akajifunza pia kusoma Qur'ani, na kwa uzuri wa kisomo chake akastahiwa na watu ambao wasingemstahi kwa nasaba. Jina la Mtumwa likaachwa, akaitwa Siti.

Hapa ndipo penye kiini cha habari yetu. Siti hakuikataa taarabu kwa kuwa ni ya mabwana, wala hakuipokea jinsi alivyoikuta. Alipoitwa katika kasri ya Sultani au katika nyumba za matajiri wa Kiarabu na wa Kihindi, aliimba kwa lugha walizozipenda wenyeji wake, kwa adabu zote, akiwa amejitanda; lakini usiku alipokaa nyumbani kwake Ng'ambo na wenziwe, kina Subeti Ambar, Buda bin Swedi na Mbaruk Talsam, chombo kile kile kilichotungiwa kusifu enzi kilisema Kiswahili, na kilisema habari za wafua nazi, wapagazi, wanawake waliodhulumiwa na makadhi na mahakimu waliohukumu kwa upendeleo. Mfano wake mashuhuri ni wimbo wa Kijiti, unaosimulia kisa cha mtu aliyemuua mwanamke mgeni, akavuka bahari kukimbilia bara, huku mashahidi waliokwenda kusema waliyoyajua wakitiwa hatiani badala yake. Habari kama hiyo haikuwa na mahali katika Kiarabu cha kasri.

Mji haukumsamehe upesi. Waimbaji waliomwonea kijicho walitunga wimbo wa kumfedhehesha, wakiuliza amekuwa mtu tangu lini yeye aliyekuja kutoka shamba na kaniki moja, na kama si sauti yake angekula nini. Tena walimtia ila ya uso, maana hakuhesabiwa miongoni mwa wazuri. Mwingine angejibu kwa kubuni nasaba, na Unguja ya siku zile ilijaa nasaba zilizobuniwa. Au angerudi Fumba kwa haya. Siti alijibu kwa wimbo, akasema kwamba uzuri wa sura si hoja, wala ukuu wa jadi si hoja, na kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili. Shamba hakulikana na kaniki hakuikana. Alichokataa ni kule kupimwa kwavyo. Tofauti hiyo ni ndogo machoni pa mtazamaji, lakini ndiyo iliyomweka hai.

Mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenziwe kurekodi kwa kampuni ya HMV, na huhesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutia sauti yake katika sahani za santuri. Sahani hizo ziliuzwa pwani na bara, na watu ambao hawakupata kuona Kiswahili kikitukuzwa katika chombo cha kigeni walikisikia humo kwa kinywa cha binti wa mfinyanzi.

Wako watakaosema: basi na tumwige Siti. Hilo nalo lina jawabu lake kisiwani humo humo. Fatuma binti Baraka, ambaye ulimwengu ulimjua kwa jina la Bi Kidude, aliimba nyimbo za Siti mpaka uzeeni, na aliyemsikia alijua bila kuambiwa kwamba chimbuko lake ni wapi. Lakini alizichukua nyimbo hizo akaacha namna ya mwenyewe. Siti aliimba amejitanda, Bi Kidude aliimba uso wazi. Alitembea miguu mitupu, akavuta sigara mbele za watu, akapiga ngoma za unyago alizowafundishia mabinti siri za ndoa, ilhali ndoa zake mwenyewe hazikumshika. Alipofariki Aprili 2013, waliomzika walikuwa pamoja na wakubwa wa serikali. Kama mwanafunzi angemfuata mwalimu katika kila jambo, tungalikuwa na kivuli cha Siti, tusiwe na Bi Kidude.

Nimeeleza habari za wanawake hawa kwa kuwa vijana wetu husongwa pande mbili, na aghalabu hutahadharishwa upande mmoja tu. Nyumbani huambiwa wawe kama baba zao. Huko nje, katika simu na mitaa, huambiwa wajitenge na baba zao, wawe huru, na uhuru huo una mavazi yake, misemo yake na wakali wake wa kumsuta anayetofautiana nao. Sultani ni mwingine, baraza ni lile lile. Nami nawasihi wazazi hasa: mtoto anapochukua baadhi ya mila na kuacha baadhi, msiharakishe kumwita mpotevu kabla hamjaona alichokichukua anakitumia kusema nini.

Siti binti Saad alifariki Julai 8, 1950. Shaaban Robert aliuandika wasifu wake, na Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1987, kililiita jarida lake Sauti ya Siti.