Kijana akisema "nimeshatuma," muulize kidogo



Baadhi ya vijana wetu wanajifunza kompyuta kwa njia ya intaneti. Kijana anakesha, asubuhi anasema, "Mama, nimeshatuma kazi." Mama anafurahi. Lakini kutuma siyo kufaulu. Tuone basi inavyokwenda.

Tuchukue mfano wa CS50, somo la Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Tangu mwaka 2012 mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kulisoma bure. Moja ya kazi za mwanzo ni kuandika programu ya kuchora piramidi kwa alama za reli (#). Mtu anaandika urefu, tuseme 4, na kompyuta inachora ngazi nne.

Kabla ya kutuma, mwanafunzi anaita programu ya ukaguzi, jina lake check50. Hii inajaribu urefu mbalimbali, halafu inaleta ukorofi: inaandika 0, au -1, au neno lisilo namba kabisa. Programu nzuri inakataa na kuuliza tena. Jaribio likipita, kinatokea kisura cha kijani kinachocheka. Likishindikana, kisura chekundu kimenuna. Ni kama fundi baiskeli: hamrudishii mwenyewe kabla hajaipanda na kujaribu breki.

Visura vyote vikicheka, bado kuna swali: kazi ni ya nani? Hapo ndipo wengi huanguka. Mwaka 1994 Alex Aiken alitengeneza programu iitwayo Moss, inayolinganisha kazi za wanafunzi. Ukichukua kazi ya mwenzako ukabadilisha majina na kuongeza nafasi, haisaidii, maana inaangalia jinsi kazi ilivyojengwa.

Hili kwetu ni gumu kidogo. Huku kambini tumezoea kugawana chumvi, maji, hata daftari. Rafiki akiomba kazi yako, kumnyima kunauma. Lakini ukimpa ainakili, mnaweza kuharibikiwa wote wawili. CS50 inaruhusu wanafunzi waongee, waelekezane, hata mmoja amwonyeshe mwenzake kazi yake ili asaidiwe kutafuta kosa. Kinachokatazwa ni kuchukua jibu la mwingine, au kuiachia ChatGPT ikuandikie. Basi kaa na rafiki yako, mwelekeze, mwache aandike kwa mkono wake.

Na aliyekosea? Somo hilo lina mlango wa toba. Mwanafunzi akijitokeza mwenyewe ndani ya saa 72, somo linaweza kumwadhibu lenyewe, kwa mfano kumfutia alama za kazi ile, bila kumpeleka mbele zaidi. Kujificha ndiko kunakogharimu.

Mzazi, hata kama hujawahi kushika kompyuta, unaweza kuuliza haya:

1. Umeijaribu kabla ya kutuma?
2. Ulikuta kosa gani, na ulirekebishaje?
3. Nionyeshe mstari mmoja, unafanya nini?

Aliyefanya mwenyewe ataeleza mpaka uchoke. Aliyenakili atakwambia, "Mama, wewe huwezi kuelewa."

Vijana nanyi, msingoje saa ya mwisho. Intaneti inakatika, umeme unakatika. Tumeni mapema, na mhakikishe kazi imefika.

Tunawatakia masomo mema. Cheti kinaweza kupotea njiani, lakini ulichokielewa utahama nacho popote.